Jino Bovu la Wifi

Mimi ni mtu wa kinyaa. Sijisifu, nasema mapema ili ujue unasimuliwa na nani. Nikikuta unywele kwenye mchuzi nashinda njaa siku nzima. Mtu akikohoa karibu na sufuria yangu, kile chakula atakila yeye na ukoo wake. Sasa kaka yangu, katika wanawake wote wa dunia hii, akaenda kumwoa mmoja ambaye kazi yake ni kukwangua matumbo ya kuku.

Kwenye cheti chake imeandikwa fundi maabara. Mtaani wanamwita Mama Matumbo, naye anaitika bila kinyongo. Mimi namwita wifi, na kwa miaka kumi na mmoja tuliyoishi nyumba moja sikuwahi kula chakula alichopika yeye. Zamu yake ya jikoni ikifika, mimi tumbo linauma. Alijua, bila shaka. "Wifi, nimenawa," ananiambia, huku amenyoosha viganja kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. "Sikukuuliza," namjibu, halafu naingia chumbani kwangu kutafuna mkate mkavu. Kaka ni dereva wa lori la masafa marefu, nyumbani anapita kama mgeni, kwa hiyo karaha yote ilikuwa yangu peke yangu.

Na harufu yenyewe si ya kutia chumvi. Alikuwa akirudi saa kumi jioni, anaoga mara mbili, anajisugua kwa ndimu, anabadili nguo hadi za ndani, na bado akipita ukumbini unajua banda la kuku limepita.

Kazi yake naijua kwa macho, maana mimi ni fundi cherehani na makoti meupe ya maabara ile nayashona mimi. Chumba kina meza ndefu ya vigae vilivyopasuka, sinki mbili, kabati la joto linalonguruma kutwa, na dirisha lililopakwa rangi likagandana na fremu yake. Wifi anamlaza kuku aliyechinjwa chali, anampasua kwa mkasi kuanzia mkiani, anavuta utumbo wote na kuulaza kwenye trei. Mwishoni mwa utumbo wa kuku kuna viutumbo viwili vilivyoziba upande mmoja, na humo mavi hukaa yakichachuka mpaka yawe ujiuji wa kahawia unaong'aa. Hicho ndicho anachokitaka. Anakikamua kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta dawa ya meno ya mwisho kwenye mrija wake. Anachanganya na maji ya chumvi, anatikisa, anafyonza kwa bomba la kioo, anadondoshea kwenye sahani ndogo na kuiweka kwenye kabati la joto.

Baada ya siku mbili sahani imeota vinukta, na kila kinukta ni ukoo mzima wa bakteria. Hapo sasa anafanya jambo ambalo hata vitabu vyao vinalikataza. Anafunua mfuniko na kunusa.

"Huyu ananuka maziwa mgando," anasema. "Huyu ananuka soksi. Soksi tunatupa."

Nilimwuliza siku moja, nikiwa nimeziba pua kwa koti jipya, anatafuta nini humo ndani ambacho binadamu mwenye akili atakitaka.

"Natafuta rafiki," akasema, na hakuwa anatania.

Akanieleza. Ndani ya uchafu ule wapo bakteria wanaolinda utumbo. Kuku aliye nao wa kutosha, homa ya matumbo haimpati kirahisi, na mfugaji hana haja ya kumwaga dawa kwenye maji ya kunywa kila wiki. Kwa hiyo kila aina anayoipata anaipa namba na kuipitisha kwenye mitihani. Anaitia kwenye asidi kali kama ya tumboni, aone kama itaishi. Anaitia kwenye nyongo. Anaangalia kama inanata kwenye ukuta wa utumbo. Anaiweka sahani moja na bakteria wa homa, aone nani anarudi nyuma. Mtihani wa mwisho ni wa dawa: vikaratasi vidogo vilivyolowekwa dawa vinawekwa juu yake, na hapo rafiki anatakiwa afe.

"Afe? Si umesema rafiki?"

"Bakteria wanapeana siri, wifi. Huyu akiwa anajua kuzishinda dawa, atamfundisha adui anayekaa naye tumboni. Kesho kuku anaugua, aliyemla kuku anaugua, na dawa zote zimekuwa maji."

Mkuu wake ni daktari wa mifugo, ambaye akiwapa kisogo wafanyakazi wote wanamwita Msafi. Ana sabuni yake, taulo yake, na kichupa cha spiriti mfukoni cha kujipaka mikononi kila akigusa kitasa. Miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa kuku. Lakini akitaka kufunua ukurasa anaramba kidole. Nilimwona kwa macho yangu haya, kwenye kitabu cha kazi cha wifi, kinacholala pembeni ya trei ya matumbo, anaramba na kufunua, anaramba na kufunua. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Huyo Msafi ndiye aliyekuwa ameishika roho ya wifi mkononi. Kwa miaka kumi na mmoja wifi alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi sita sita. Kila mkataba ukiisha anakaa kwenye benchi nje ya mlango, faili mapajani, hadi aitwe. Msafi alimwahidi: "Nipatie aina moja inayofaa, nami nitakusimamia upate ajira ya kudumu." Tatizo ni kwamba mwisho wa kuajiriwa ni miaka arobaini na mitano, na wifi alikuwa na arobaini na minne na ushee. Aina thelathini zilikwisha kuanguka. Moja iliishi kwenye asidi ikafa kwenye nyongo, nyingine ilimwangalia adui akimaliza sahani nzima bila kujishughulisha. Kama aina nyingine isingepatikana kabla ya siku yake ya kuzaliwa, angezeekea kwenye lile benchi.

Ndipo jino lake la nyuma, upande wa kushoto, likaanza kuoza.

Harufu ya matumbo nilikuwa nimezoea kuichukia, ina mahali pake na saa zake. Hii ya jino haikuwa na saa. Akinisalimia asubuhi nageuza uso. Akicheka natoka nje. Nikamwambia aende akang'olewe, lakini yule mwanamke anayepasua kuku ishirini kabla ya chai anaogopa koleo la meno kama mtoto wa miaka minne. "Litatulia lenyewe," anasema, kiganja kikiwa shavuni.

Kwa hiyo nikamnunulia dawa. Nataka hili likae wazi: mimi ndiye niliyenunua, duka la dawa la pale kona, bila cheti cha daktari. Wala haikuwa huruma, nilitaka ile harufu ifungwe. Kwanza vidonge vya rangi mbili. Alimeza siku tatu, maumivu yakaisha, akaacha. Wiki mbili, uvundo ukarudi. Nikanunua vya njano, akameza siku nne, akaacha. Tukaenda hivyo miezi minne, rangi mbili, njano, rangi mbili, njano, na jino liko palepale limekaa kama mfalme.

Miezi hiyohiyo kule maabara ule mpira wa kufyonzea, unaovalishwa juu ya bomba la kioo, ulipasuka. Wifi akaandika kuomba mwingine. Msafi akasema avumilie. Akavumilia wiki tatu, akifyonza kwa mdomo.

Siku aliponiambia hivyo nilisimama pale uani nikatema mate hadi koo likakauka.

"Sijawahi kumeza," akajitetea. "Ndivyo tulivyofundishwa zamani. Juu ya bomba unaweka pamba, inazuia."

"Pamba!"

"Labda siku moja moja nilisahau pamba," akasema, akacheka, nami nikaondoka kabla uvundo haujanifikia.

Katika wiki hizo tatu akapata Thelathini na Moja. Alimtoa kwa tetea mzee wa kienyeji, aliyekulia kwenye jalala la mama mmoja asiyejua hata dawa ya kuku inauzwa wapi. Kwenye sahani alinuka maziwa mgando safi. Akaishi kwenye asidi. Akaishi kwenye nyongo. Akanata kwenye ukuta wa utumbo kama uji kwenye sufuria. Alipowekwa na bakteria wa homa, wale wa homa walirudi nyuma wakaacha duara tupu pana kama sarafu. Wifi alirudi nyumbani siku ile akacheza uani peke yake, na ndoo kichwani. Msafi akaanza kuleta wageni waione ile sahani, akiielekezea kwa kalamu ili asiiguse. Kamati ya watu watano ya kuidhinisha aina hiyo ikapangwa kukutana Jumatatu saa nane. Mabanda matatu ya wafugaji yakapangwa kuanza kulishwa siku ya pili yake. Faili la ajira ya kudumu likatoka kabatini, likawekwa juu ya meza mahali ambapo wifi angeliona.

Ulibaki mtihani wa dawa tu. "Uruke," Msafi akamwambia. "Kuku wa jalalani, bakteria wake atazijulia wapi dawa?"

Wifi akaufanya, si kwa ushujaa, ila mkono ulikuwa umezoea. Kisha wiki nzima akawa kimya. Nilidhani ni jino.

Ijumaa alirudi hakuoga. Alikaa kwenye ukingo wa sinki la kufulia, amevaa nguo za kazini, na mimi naanika shuka zangu mbali naye kadiri kamba ilivyoruhusu.

"Wifi," akaita. "Vile vidonge vya rangi mbili vilikuwa vinaitwaje?"

Nikamtajia.

"Na vya njano?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa taratibu.

"Niliweka dawa sita," akasema. "Nne zilimmaliza Thelathini na Moja bila shida. Mbili hazikumfanya kitu, ameota juu yake kama nyasi. Ndizo hizo ulizozitaja."

Sikuelewa. Akaendelea, akiangalia mifereji ya maji chini. Alikuwa amerudi kwenye friji alikohifadhi matumbo ya yule tetea, akayapekua upya kutoka mwanzo hadi mwisho, hakumkuta. Akachukua pamba, akajipaka kwenye jino lake mwenyewe, akaotesha. Siku ya pili sahani imejaa. Rangi ileile, harufu ileile ya maziwa. Akampitisha kwenye mitihani yote, akajibu vilevile hadi mwisho, na dawa zilezile mbili akazidharau.

"Si wa kuku," akasema. "Ni wangu. Katoka kwenye jino, kapitia kwenye bomba."

Nikashika kamba ya nguo. Nilikuwa nimeiona ile sahani. Nilikuwa nimeisifu. "Yaani mlikuwa mnakwenda kuwalisha kuku uozo wa kinywa chako?"

"Kuku elfu mbili. Kwa kuanzia." Akataka kucheka, jino likamzuia.

"Nani anajua?"

"Mimi. Na sasa wewe."

Hapa ndipo ninapojionea haya. Mimi mwenye kinyaa, mimi ninayetupa sufuria ya wali kwa sababu ya nzi mmoja, niliuangalia ule umri wake, nikalifikiria lile benchi, nikasema, "Basi nyamaza. Ukishapata barua yako ya kudumu, utajua la kufanya."

Wifi akageuka kunitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe huli chakula changu kwa sababu unaninusa," akasema. "Wale watakaokula wale kuku hawataninusa. Utawaambia nini?"

Nikarudi kuanika shuka, na kwa mara ya kwanza aliyenitia kinyaa alikuwa mimi mwenyewe. Sikupenda ladha yake.

Jumatatu asubuhi nilipeleka makoti manne. Sitasema uongo, yangeweza kusubiri, nilitaka kuona. Nilimkuta Msafi amesimama kwenye meza ya vigae, mbele yake fomu ya kamati na kitabu cha wifi, na wifi amesimama upande wa pili, kiganja shavuni. Alikuwa amekwisha kumwambia. Uso wa Msafi haukuonyesha kushtuka hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta doa kwenye shati na anajua sabuni iko wapi.

"Hapa kwenye chanzo," akasema, "andika utumbo wa kuku wa kienyeji. Hapa kwenye dawa, andika inakufa kwa dawa zote."

"Mbili haifi, Daktari."

"Nani ataotesha upya? Wale watano? Hawajui hata sahani inashikwa upande gani." Akaramba kidole, akafunua ukurasa. "Mama, miaka kumi na mmoja. Unajua umri wako. Faili lako liko mezani. Usitie kitumbua chako mchanga kwa sababu ya jino." Akaramba tena. Nilikuwa nimekumbatia yale makoti, na harufu ya spiriti aliyojipaka ilichanganyika na ya matumbo, nikaona bora matumbo. Matumbo hayajifanyi maua.

"Daktari," wifi akasema, "hicho kidole."

"Kina nini?"

"Hicho kitabu kinakaa hapa kando ya trei. Mavi yakiruka, yanarukia humo. Miaka yote unakiramba."

Msafi akabaki na kidole hewani. Akakiangalia. Halafu akaenda kwenye sinki, si kwa kukimbia, lakini hatua zilikuwa ndefu. Akafungua maji, akasukutua, akatema, akasukutua.

Wakati anatema, wifi akachukua kalamu ya wino. Kile kitabu kurasa zake zina namba, huchani ukurasa bila kujulikana. Akaandika kwa herufi kubwa, nami nikasoma nikiwa nimesimama mlangoni: AINA YA 31. CHANZO: KINYWA CHA FUNDI. INASHINDA DAWA MBILI. HAIFAI. Akatia saini. Akaandika vilevile kwenye fomu ya kamati. Kisha akatoa sahani zote na vichupa vyote vya Thelathini na Moja, akavipanga kwenye kikapu cha waya, akavitia kwenye mtungi wa mvuke wanaochemshia uchafu, akakaza skrubu moja baada ya nyingine.

"Umemwaga unga wako mwenyewe," Msafi akasema kutoka kwenye sinki, kidevu kinadondosha maji.

"Nimeona," wifi akajibu. Alikuwa analia, na kulia kulimtonesha jino, akashika shavu kwa mikono miwili.

Msafi hakumfukuza. Asingeweza, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliye tayari kukamua vile viutumbo kwa vidole. Alipewa miezi sita mingine, faili likarudi kabatini, na mwezi uliofuata wifi akatimiza arobaini na mitano. Sasa hivi yuko kwenye aina ya Thelathini na Tatu. Mpira mpya wa kufyonzea aliununua mwenyewe.

Lakini siku ile, kutoka maabara, nilimshika mkono nikamvuta hadi kwa daktari wa meno, njia nzima anavutana nami kama mbuzi. Nilimshika mabega wakati koleo linaingia. Jino lilitoka vipande vitatu, jeusi hadi mzizi, na usaha ukalifuata, na ule uvundo wa miezi minne ukajaa chumba chote kwa mara moja. Daktari akageuza uso. Wifi, mdomo umejaa pamba, akaonyesha ishara kwamba apewe kichupa, anataka kwenda nalo kazini. Nilitapikia kwenye ndoo yao.

Jioni nikampikia uji mwepesi. Alikuwa amelala kitandani kwake, shavu limevimba, hawezi kufungua mdomo zaidi ya upana wa kijiko. Nikamlisha. Kijiko cha kwanza kikaenda. Cha pili akanyanyua mabega na kukirudisha nusu, na uzi mwembamba wa damu ukabaki kwenye ncha yake.

"Moto," akasema kwa shida.

Nikapuliza bakuli. Nikangoja, nikapuliza tena. Hakukuwa na kijiko kingine pale, na jikoni ni mbali, hatua kumi na mbili, ningeweza kwenda. Nikachota uji kwa kijiko kilekile, nikaonja kama umepoa. Kilikuwa na ladha ya damu, na chini ya damu ile harufu. Machozi yakanitoka.

Wifi alikuwa ananiangalia.

Nikameza. "Umepoa," nikamwambia, nikachota kingine.